Siku Tuliyompeleka Komando Idjwi

Juzi mvua ilinikamata nikitoka sokoni, nikakimbilia kwenye kibaraza cha duka moja ambako madereva wa pikipiki walikuwa wamejibanza. Mbwa wa mtaani naye akaja, akajikung'uta miguuni petu, na harufu ya manyoya yake yaliyolowa ikachanganyika na harufu ya esansi iliyokuwa ikivuja kwenye pikipiki mojawapo. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akaziba pua. Mimi nikabaki nimesimama pale hata baada ya mvua kukatika, maana harufu hizo mbili zikikutana hunirudisha kwenye siku moja tu. Nakuwa mtoto tena, nimekaa ndani ya mashua iliyopakwa rangi mpya ya bluu, jile ya kuogelea, lile koti la kumzuia mtu asizame, imenifika masikioni, na macho yangu hayabanduki kwenye mikono ya Tonton Safari.

Tonton Safari alikuwa mume wa Tantine Noela. Tantine ni mdogo wa mama yangu, naye ndiye aliyenilea, kwa kuwa mama alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake. Kwa muda mrefu tuliishi sisi wawili tu kule Ibanda, mjini Bukavu, katika nyumba ndogo ya mbao iliyong'ang'ania mteremko. Ukisimama jikoni uliona kipande cha ziwa katikati ya mabati ya majirani. Tantine alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni alinisuka nywele huku akinisimulia vituko vya darasani kwake, na nilidhani maisha ya watu wote yako hivyo: wanawake wawili, makala ya jiko yanawaka, mlango umefungwa. Aliniita mukubwa, tangu siku niliyoweza kuwasha makala peke yangu, na jina hilo nilikuwa nalipenda kuliko la ubatizo.

Kisha akaja huyu mwanamume. Alikuwa fundi wa mota za mashua kule bandarini, mtu mrefu, mkimya, mwenye weusi wa mafuta chini ya kucha ambao haukutoka hata siku ya harusi. Alihamia kwetu na sanduku la spana na mbwa wawili. Mdogo aliitwa Bobi, na huyo hakuwa na neno na mtu. Mwingine aliitwa Komando. Alikuwa mzee, mwenye mvi puani, mguu mmoja wa nyuma aliuvuta, na alilala kizingitini hata kila aliyetaka kutoka ilibidi amruke. Nilimwogopa. Bwana wake nilimwogopa zaidi.

Nyinyi mliokulia Bukavu wakati wetu mnajua tulivyofundishwa kuhusu vikombe. Hukunywa kitu ambacho hukukiona kikimiminwa. Soda ilifunguliwa mbele ya macho yako, na mwenyeji aliyeonja kwanza hakuwa mroho, alikuwa na adabu. Watu wazima walilitaja kwa sauti ya chini jina la karuho, sumu inayomla mtu polepole. Shuleni rafiki yangu Esperance, ambaye shangazi yake alisemekana kufa kwa sumu hiyo, alinieleza dalili zake moja baada ya nyingine: mtu anatapika asubuhi, anachukia chakula, uso unakonda, mchana analala.

Harusi ilikuwa bado haijasahaulika mtaani Tantine alipoanza kutapika asubuhi.

Tonton Safari ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza. Alichemsha chai, akatoa kitu mfukoni mwa koti lake, akakiponda, akakitia ndani ya chai, kisha akampelekea mke wake kitandani. Tantine alikunywa. Baada ya muda nilimsikia nyuma ya nyumba, ameinama. Nilipomuuliza alijifuta mdomo, akasema, "Ni tumbo tu, mukubwa wangu. Itapita." Alitabasamu aliposema hivyo, na lile tabasamu ndilo lililonitisha kuliko kutapika kwenyewe. Nikaona sumu imeshamfika kichwani.

Wakati huohuo kulikuwa na habari ya mashua. Tonton Safari alikuwa amepata mashua ya zamani iliyotelekezwa ufukweni, akaanza kuitengeneza polepole, ubao kwa ubao, kila akitoka kazini. Tantine alishuka kukaa naye. Walizungumza Mashi, lugha ya ukoo wetu ambayo mimi niliijua ya salamu tu, na nilipokaribia walinyamaza wakaanza kusifu rangi. Hilo nalo nilimwandikia Tonton Safari moyoni. Yeye alikuwa mtu wa Bunyakiri, ambako Mashi si lugha yao. Mashi amejifunzia wapi, na kwa nini aijue vizuri kuliko mimi?

Jumamosi moja nilikuwa nyuma ya jikoni nachambua maharagwe. Wao walikuwa ndani, na siku hiyo walikuwa wanaongea Kiswahili.

"Huyu mukubwa tutamuacha tu kule Idjwi," Tonton Safari alisema. "Kwa Maman Furaha atapata nafasi. Shamba iko."

"Atalia," Tantine akajibu.

"Atalia siku kidogo. Kisha atazoea."

"Nasikia huruma. Lakini mutoto akikuja, hapa hatutamuweza. Nyumba iko ndogo."

Maharagwe yalinimwagika mapajani. Maman Furaha nilimjua: alisoma na Tantine sekondari, akaolewa kisiwani Idjwi, akawa analima kahawa na mananasi. Huyo mtoto anayekuja ndiye sikumjua, lakini sikuchukua muda kumpata. Bila shaka Tonton Safari alikuwa na mtoto wake huko Bunyakiri, na sasa anamleta alale kwenye kitanda changu. Mimi napelekwa kisiwani ili asibaki wa kumwangalia Tantine akinyweshwa. Kila kitu kiliungana vizuri sana. Usiku sikula, na hakuna aliyeniuliza sababu, nikaona hata hilo ni ushahidi.

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, tukashuka ziwani kwa safari ya kwanza ya mashua ile. Tantine alivaa kikwembe kipya. Alikuwa na kichupa cha maji ya baraka kutoka parokia, akainyunyizia mashua mbele na nyuma, akacheka mwenyewe, akampa mume wake mkono ampandishe. Walikuwa wanafurahi, na kila furaha yao ilinipita kama mzaha uliosemwa juu yangu. Bobi aliruka ndani bila kuitwa. Komando alibebwa.

"Vaa hii," Tonton Safari akaniambia, akininyooshea jile ya rangi ya machungwa. Ilikuwa moja tu.

"Juu ya nini mimi peke yangu?"

"Juu weye hauogelei."

Alinifunga kamba zake mwenyewe, akazivuta moja moja kuona kama zimeshika. Nikajiambia, mtu anayekwenda kukuacha mahali anataka ufike mzima, asije akaulizwa.

Mota ikawaka. Nyumba za rasi zikaanza kupita, zile kubwa zenye bustani zinazoteremka hadi majini, kisha zikawa ndogo, na milima ya Rwanda upande wa pili ikawa kubwa. Mashua za wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, zilikuwa zimepumzika, tatu tatu zimefungwa pamoja, miti yao mirefu imeinama juu ya maji. Nilikaa nimeelekea nyuma. Nilitafuta bati letu mpaka likapotea, kisha nikaanza kukariri njia, ule mnara wa kanisa, ile rasi iliyochongoka, lile pori la mikaratusi, kama mtu anayekusudia kurudi kwa miguu. Bobi alibwekea kila wimbi. Komando alitetemeka, akaja kuegemea miguu yangu. Nilimsukuma kwa goti. Akarudi. Nikamsukuma tena.

Katikati ya ziwa Tantine akawa mweupe midomoni, akafumba macho. Tonton Safari akapunguza mwendo, akafungua termo, akamimina chai katika kikombe, akanipa mimi nimpitishie, kwa kuwa nilikuwa katikati yao.

Nilikitazama kile kikombe. Ndani yake kulikuwa na vipande vyembamba vya kitu cha manjano vinaelea. Nikakiachia, kikaanguka pembeni ya mashua, chai yote ikaingia ziwani.

"Imeniponyoka," nikasema.

Hakunigombeza. Alinitazama kwa muda, mkono wake juu ya mota, kisha akachukua kikombe kingine, akamimina, akanywa yeye kwanza. Alikunywa polepole, akinitazama, mpaka nusu, halafu akainuka kwa uangalifu akampelekea Tantine nusu iliyobaki. Aliporudi kukaa akaishika tena mota. Alikuwa amenielewa, na mimi nilijua kwamba amenielewa, na badala ya kutulia niliogopa zaidi. Esperance alikuwa ameniambia kwamba wenye karuho huwa na dawa yake, wanaimeza kabla.

Idjwi tulifika jua likiwa juu. Maman Furaha alikuwa ametuona kutoka shambani, akashuka ufukweni na mikono yake wazi, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kwaya.

"Shuka, mukubwa, tumefika," Tantine akaniambia.

"Sishuki."

"Unaumwa?"

"Hapana. Sishuki tu."

Tantine akacheka, akamtazama Maman Furaha, kisha akaacha kucheka kwa sababu aliiona mikono yangu jinsi ilivyoushika ubao wa kukalia. Tonton Safari akanyoosha mkono kunisaidia. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mota iliyokuwa bado ya moto.

Akaurudisha mkono wake. "Muache," alimwambia Tantine. "Muache kwanza."

Neno hilo tu ndilo nililolisikia.

Wakapanda kidogo kuelekea nyumba ya Maman Furaha, ambayo haikuwa mbali. Kutoka kwenye mashua niliwaona wote. Bobi alikimbia mbele. Tonton Safari alikuwa anamwongoza Komando kwa kamba, akisimama kila mara kumsubiri na ule mguu wake. Wakafika chini ya mti wa avoka. Akaifunga kamba pale. Maman Furaha akaleta sahani ya bugali na vichwa vya samaki, akaiweka chini. Tonton Safari akapiga magoti, akaweka paji la uso wake juu ya kichwa cha mbwa, akakaa hivyo. Kisha akasimama ghafla, akaanza kushuka peke yake, kwa haraka, akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Komando hakubweka. Alikwenda mpaka kamba ikamkataza, akasimama.

Hapo ndipo nilipofahamu. Katika lugha yetu mtu na mbwa wanasemwa vilevile, tutamuacha, atalia, atazoea, na mkubwa wa nyumba ile nilikuwa mimi, lakini mkubwa wa mbwa alikuwa Komando. Kwanza nilifurahi. Siyo mimi, nilijisemea, siyo mimi, siyo mimi. Kisha nikamtazama tena. Alikuwa ameigeukia sahani, akainusa, akaiacha. Akakaa, akasimama, akavuta kamba, akaangalia mashua. Tangu jana yake nilikuwa nimejiona nimesimama vilevile kwenye kisiwa kile, naangalia mashua ikiondoka, na sasa yeye alikuwa amesimama pale, bila hata mtu wa kumweleza alichokosa.

Nikaruka majini. Maji yalinifika magotini. Nilimpita Tonton Safari bila kumtazama, nikapanda hadi kwenye avoka, na jile yangu shingoni, nikakaa chini kando ya yule mbwa ambaye sikuwahi kumgusa kwa hiari. Alinusa sikio langu. Nikamwacha anuse.

Walikula, wakanywa maziwa, wakanibembeleza nikala kipande cha nanasi hapohapo chini ya mti. Alasiri upepo ukaanza kuchana maji, na Tonton Safari akasema tuondoke mapema.

"Twende, Nabintu," Tantine akasema, akiniita jina langu badala ya mukubwa.

"Siendi."

Alikuwa amechoka, na joto lilikuwa limemshinda. "Mchana ulikataa kushuka. Sasa unakataa kupanda. Unataka tufanye aje?"

"Amefanya nini?"

"Nani?"

"Komando."

"Hajafanya kitu," Tonton Safari akanijibu. "Amezeeka. Watu wakipita anakunguruma. Na mutoto akikuja, hatujue atakuwa aje naye."

"Mutoto gani?"

Wakatazamana. Tantine akaweka mkono tumboni, juu ya kikwembe kipya, na uso wake ukawa kama wa msichana aliyekamatwa. "Nilikuwa natafuta siku ya kukuambia," akasema. "Nilitaka iwe siku ya muzuri kama hii."

Basi nikayatoa yote. Sikuyatoa kwa mpangilio: nilianzia Idjwi, nikarudi kwenye maharagwe, nikasema chai, nikasema kutapika, nikalitaja lile jina la sumu mbele ya Maman Furaha, ambaye aliweka kiganja mdomoni. "Mulisema mukubwa tutamuacha," nikamaliza. "Nilijua ni mimi."

Tantine akakaa chini kwenye majani. Hakuwa mwanamke wa kulia, na siku ile alilia bila sauti, akiwa ameushika mguu wangu kwa nguvu kama mtu anayezuia kitu kisichukuliwe na maji. "Weye?" alikuwa akisema. "Mimi nikuache weye?"

Nilimngoja Tonton Safari akasirike. Kumwita mtu mwenye sumu, kwetu, ni jambo la kuvunja nyumba. Kuna watu wamepigwa mawe kwa hilo. Yeye aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha mzizi uliokauka, akauvunja, akaniwekea chini ya pua.

"Tangawizi," akasema. "Inatuliza tumbo ya mama mwenye mimba. Njo maana nilikunywa mbele yako, lakini nikaona haujanisadiki."

Kisha akaenda kwenye mti akaanza kufungua kamba.

"Safari," Tantine akasema, "si tulishapatana?"

"Tulipatana, ndiyo." Fundo lilikuwa limekaza, akalitumia meno. "Maman Furaha, utanisamehe. Nitakutafutia imbwa ingine ya nguvu, hii ilishazeeka." Akanigeukia. "Simurudishe juu yake, usikie vizuri. Yeye angezoea. Ni weye haungezoea."

Tulipokuwa tukirudi ziwa lilikuwa limebadilika. Mawimbi yalipanda ubavuni yakatuangukia, mbwa wakalowa, sote tukalowa, na ile harufu ya manyoya na esansi ikajaa kati yetu. Tantine alilala amejifunika kikwembe, kichwa chake juu ya kamba. Tonton Safari aliniita nikae karibu na mota ili uzito wa mbele upungue. Komando akaja kulala juu ya miguu yangu.

Nilikuwa na swali moja lililokuwa linanisumbua.

"Tonton."

"Ee."

"Ulijua aje kama angezoea?"

Alikuwa anaangalia mawimbi, akiigeuza mashua kidogo kila lilipokuja kubwa.

"Mimi nilizoea," akasema. "Wakati ya vita tulitoroka Bunyakiri. Papa yangu akaniacha Walungu kwa watu, nikiwa kama weye hivi. Akasema nitarudi kukuchukua. Mashi nilijifunza kwao."

"Akarudi?"

"Hapana."

"Ulilia?"

"Siku kidogo," akasema, akapunguza mwendo kwa sababu ya wimbi.

Mngetegemea mashaka yangu yaishie hapo. Mimi mwenyewe nilitegemea. Lakini shaka likishazoea kukaa ndani ya mtoto halitoki kwa sababu tu limeonyeshwa mlango. Niliijua tangawizi, niliijua mimba, nilijua habari ya Walungu, na bado asubuhi nilikuwa naamka kabla ya chai kumiminwa ili nione. Nilinusa kikombe cha Tantine, kisha changu. Tonton Safari alikuwa ananiona. Akaanza kuiponda ile tangawizi mezani, mbele yangu, polepole, kila siku, kama watu wengine wanavyosali.

Msimu wa mvua ulipoingia, mchana mmoja nilishikwa na homa darasani. Tantine alikuwa mzito, hawezi tena kupanda na kushuka ule mteremko, kwa hiyo aliyekuja kunichukua ni Tonton Safari, na nguo zake za kazi. Barabara ilikuwa imegeuka tope, na kila pikipiki aliyoisimamisha ilikataa. Akaazima kikwembe kwa muuza ndizi mmoja, akanifunga mgongoni kama akina mama wanavyofunga watoto, ingawa miguu yangu ilikuwa mirefu na inaning'inia. Watu walicheka njiani. Mmoja akamwuliza kwa sauti kama anakwenda kuninyonyesha. Yeye alipanda tu, anapumua kwa nguvu, anateleza, anajishika kwenye ukuta wa mtu, anaendelea.

Mahali fulani kwenye kilima kile nikalala.

Niliamshwa na mwanga wa chumba cheupe na sauti ya muuguzi. "Huyu mutoto ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wangu," Tonton Safari akajibu, bado hajarudisha pumzi.

Muuguzi aliniangalia, akamwangalia yeye na tope lake hadi kiunoni, akainama karibu yangu kuona kama homa haijanichukua akili. "Maman," akaniita, kama wasichana wadogo wanavyoitwa kwetu, "unanisikia? Papa yako anaitwa nani?"

Ningeweza kumweleza kwamba huyu ni mume wa tantine yangu. Nilikuwa na nguvu za kutosha.

"Safari," nikasema, nikafumba macho tena.